Joho la Mwanamke wa Nyuma

Siku ya Jumanne joho lilimbana mke wa fundi mabegani. Jumamosi alasiri alipolivaa tena lilimkaa sawasawa, na katika siku hizo nne hakuna sindano wala mkasi uliokuwa umeligusa.

Fundi alizunguka nyuma yake, pini tatu mdomoni, tayari kulegeza mshono wa bega. Akakuta hakuna cha kulegeza. Mshono ulikuwa umelala juu ya mfupa, pale pale ulipolala kwenye picha ya filamu aliyoinakili. Akazitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kifuko chake.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimefanya nini tena? Nimesimama, kama ulivyoniambia."

"Jumanne lilikubana."

"Jumanne nilikuwa nimeshiba. Leo sina kitu tumboni." Mke wake akapiga mwayo mrefu mpaka machozi yakamtoka. "Nivue, baba watoto. Tangu alfajiri niko hospitali nafua mashuka ya wagonjwa. Miguu inawaka moto."

Akamvua. Hakulifikiria zaidi jambo lile, kwa sababu lilimfurahisha, na mtu hachunguzi sana kinachomfurahisha.

Kwa miaka thelathini na sita alikuwa ameshona sare: sare za shule, za askari, za wahudumu wa hoteli. Kila vazi lilitoka mikononi mwake likiwa na kitambaa kidogo shingoni chenye jina la mwenye duka. Alipostaafu alilala kitandani miezi miwili akiangalia dari, mpaka siku moja mkwewe, mume wa binti yake, alipomwingiza katika kundi moja la simu. Humo alikuta watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaotengeneza majumbani mwao mavazi na vifaa vya sinema: kofia za chuma zilizotengenezwa kwa mpira na kupakwa rangi, panga za mbao, majoho ya wafalme. Hawakutaka vifanane tu. Walitaka viwe vile vile, kishono kwa kishono, doa kwa doa. Walikuwa na sheria moja: kisichoonekana kwenye picha usikiweke, kinachoonekana usikiache.

Fundi aliinuka kitandani. Wiki hiyo hiyo alikuwa anawasahihisha. Hiyo si kola, ni ukosi. Hilo si koti, ni joho. Hicho kipande cha chini ya kwapa ni kikwapa, na kina jina lake kwa sababu kina kazi yake. Wakambatiza Mzee Milimita. Mke wake aliposikia alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akasema, "Bora hivyo. Nilidhani nitazika." Ndiyo maana alipoombwa asimame badala ya sanamu ya kupimia nguo hakukataa, hata akiwa ametoka kazini hawezi kuinua mkono.

Joho lenyewe lilitoka katika filamu ya zamani, yenye rangi zilizochuja, kuhusu malkia aliyekataa kumzika mume wake. Nyuma ya kiti cha malkia wamesimama wajakazi. Mwisho wa filamu yanapita majina ya wachezaji, na wajakazi walioandikwa ni kumi. Waliosimama ni kumi na mmoja. Huyo wa kumi na moja yuko pembeni, karibu na pazia, mikono ameikunja tumboni, mmoja juu ya mwingine, na hakuna picha hata moja inayoonyesha uso wake. Kundini walibishana. Mmoja alisema ni mpishi wa wachezaji aliyepita njia mbaya. Mwingine alisema ni pazia tu. Hakuna aliyewahi kushona joho lake.

Fundi aliisimamisha filamu ile kwenye televisheni, akaipeleka mbele na kuirudisha nyuma, picha moja moja, kwa miezi mitano. Akagundua kwamba joho lile halina kifungo, halina kamba, halina mpasuko. Limefungwa kisogoni kwa mishono kumi na tisa ya msalaba, na mishono ile haiwezekani kupigwa ila mvaaji awe tayari yumo. Aliyelivaa alishonewa ndani yake.

Habari zilienea. Wenye jumba moja kongwe la sinema, waliokuwa wakiandaa maonyesho, walimpigia simu. Wangeliweka joho kwenye kabati la kioo, na mbele yake kadi iliyoandikwa jina la aliyeshona. Walimwomba awasomee jina lake herufi kwa herufi, lisije likakosewa. Alilisoma mara mbili.

Jumapili alimpima mke wake upya. Daftari lake lilikuwa na kila kitu: kila mshono, tarehe yake, saa yake, namba ya sindano. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vipimo vya mke wake vya mwanzo. Bega hadi bega, arobaini na moja. Kifua, tisini na sita. Mkono, hamsini na saba.

Sasa bega lilikuwa thelathini na nane. Kifua themanini na tisa. Mkono hamsini na tisa.

Akaichukua tepu yake, akailaza juu ya rula ya chuma. Tepu ilikuwa sahihi. Akampima tena. Mtu anaweza kukonda kifua, aliwaza. Mtu anaweza hata kuinamisha mabega kwa uchovu yakaonekana membamba. Lakini mkono haurefuki. Na hamsini na tisa ndicho kilikuwa kipimo cha mkono wa joho.

"Mbona umenyamaza?" mke wake akauliza.

"Hapana. Nahesabu."

Akalifunga daftari. Baadaye, katika yote yaliyotokea, hakuna alichojilaumia kama kulifunga lile daftari.

Siku zilizofuata alianza kusikia kitu. Mke wake akiwa kazini, jua limesimama juu ya bati na mtaa mzima umetulia, sauti ilitoka katika chumba cha kazi, kile kilichokuwa cha watoto zamani. Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule: soli inakwaruza sakafu, kimya, kisha soli nyingine. Alifungua mlango. Joho lilikuwa limetundikwa mahali pake, na pindo la chini lilikuwa linatulia polepole, kama pindo linavyotulia mvaaji akibadilisha mguu. Chumba kilinuka vumbi lililounguzwa na taa kali, na chini ya harufu hiyo, kwa mbali, poda ya uso.

Akaufunga mlango. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jioni ya Jumatatu ya wiki iliyofuata mke wake alirudi, akaweka mkoba juu ya meza, asikae.

"Kaa basi, mama watoto."

"Nikikaa ndiyo nachoka zaidi." Aliegemea ukuta. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesengenya, "Leo nimeaibika kazini."

"Umeunguza mashuka?"

"Afadhali ningeunguza. Nilikuwa nakunja. Kisha nikajikuta nimesimama ukutani, mikono hivi." Akaikunja tumboni, mmoja juu ya mwingine, wa kushoto juu, kidole gumba kimefichwa. "Wanasema nilisimama saa nzima. Yule mnene wa pasi akawaambia wenzake, mwacheni mama wa watu, amelala kama farasi. Wakacheka. Mimi sikumbuki kitu."

Fundi aliitazama ile mikono. Mke wake alikuwa hajawahi kuiona ile filamu. Kila ilipowashwa alikuwa anasinzia kabla malkia hajatokea.

"Limebaki kiasi gani hilo joho?" mke wake akauliza.

Hapo angeweza kusema, basi, tuache. Akaliona kabati la kioo, akaiona kadi.

"Siku mbili tu," akasema.

"Maliza basi. Ukimaliza nitapumzika."

Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko ya mke wake. Saa nne asubuhi alisimama katikati ya chumba cha kazi, fundi akamvika joho, akavaa subana kidoleni, akaanza kumshona kisogoni. Mshono wa kwanza wa msalaba, wa pili, wa tatu. Sindano ilikuwa inapata joto vidoleni mwake. Kwenye wa kumi aliona kwamba anasikia ule mkwaruzo wa soli kwa karibu sana, nyuma ya bega lake mwenyewe. Hakugeuka. Fundi hageuki akiwa katikati ya mshono. Alipokaza wa kumi na tisa na kuuma uzi kwa meno, mkwaruzo ukakoma.

Akarudi nyuma hatua nne, akatazama. Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya furaha. Hilo nalo lazima lisemwe. Lilikuwa lenyewe. Akampiga picha kumi na nne: upande, nyuma, mbele. Akazituma kundini.

Simu ikaanza kutetemeka mezani. "Mzee Milimita, umetumaliza!" "Mzee, sisi tufunge kazi tukalime." Kisha mmoja akaandika: "Ila mzee, mbona mvaaji kageuza uso kwenye picha zote?"

Fundi akazifungua picha. Zile alizopiga kutoka mbele, mke wake akiwa anamtazama machoni, zilionyesha kisogo na ukingo wa shavu.

"Njoo nikuvue," akasema.

"Niache kidogo."

Sauti ilikuwa ya mke wake. Uchovu uliomo haukuwa wake. Uchovu wa mke wake aliufahamu: ulikuwa na hasira kidogo, ulikuwa na kicheko, ulitaka chai. Huu haukutaka chochote.

Hakuvuliwa siku hiyo. Hakula. Fundi alipokuwa jikoni, mke wake alikuwa nyuma yake, karibu na mlango. Alipokaa mezani alikuwa nyuma ya kiti. Kila alipogeuka alimkuta amegeukia pembeni, mikono tumboni. Alhamisi asubuhi alichukua mkasi mdogo, akaingiza ncha chini ya msalaba wa kwanza kisogoni, akakata. Tone la damu likatoka mahali pa uzi, jekundu, zito, na mke wake akalia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kweli, iliyotoka mbali kama kutoka nyumba ya tatu: "Unanikata!"

Mkasi ukaanguka. Akampigia simu binti yake.

Binti alifika kesho yake mapema, na alikuja na mtu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kazi, akamtazama mama yake, akamtazama baba yake.

"Baba, umemfanya nini mama?"

"Nilikuwa nashona."

"Najua ulikuwa unashona! Kila nikipiga simu, baba anashona. Mama anaendeleaje? Amesimama, anashonewa. Sasa huyu ndiyo mama?"

"Mwanangu, taratibu..."

"Usiniambie taratibu."

Yule mtu aliyekuja naye alikohoa. Alikuwa mfupi, na mkoba wa vifaa begani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, na watu wa mtaa wa binti walimjua pia kwa kazi yake nyingine, ya kutoa majini, ambayo hakuitangaza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nipeni kigoda," akasema. "Wiki hii ni nyumba ya nne. Siku hizi watu hawaachi kitu kilale."

Akakaa mbele ya mwanamke. Alisoma dua kwa muda, midomo ikitikisika, kisha akasema kama anayezungumza na mteja dirishani, "Haya. Nani hapo?"

"Sina jina." Midomo ya mke haikufunguka sana. "Wenzangu wote waliandikwa mwishoni. Mimi sikuandikwa."

"Kwa nini umeingia katika mwili wa mtu?"

"Sikuingia. Nilishonewa."

Mganga akamtazama fundi kwa jicho la pembeni, akarudi kwa yule. "Unataka nini?"

"Kukaa."

Ile harufu ya vumbi lililoungua ilizidi mpaka binti akaziba pua kwa kitambaa cha kichwani.

"Nilipita pale siku moja tu, kuangalia taa," sauti ikasema. "Wakaninasa kwenye picha yao. Tangu hapo kila anayeiwasha, nasimama. Ikiisha napumua, wanaiwasha, nasimama. Miaka hamsini na tatu. Lakini wote hao si kitu mbele ya huyu mzee. Huyu ananisimamisha, ananirudisha, ananisimamisha hapo hapo. Mchana kutwa na mguu mmoja juu. Nimechoka. Na huyu mwanamke amezoea kuchoka. Akiondoka, nani atajua?"

Binti akaanza kulia. Fundi hakulia. Neno lile lilikuwa limempata mahali pasipo na machozi, kwa sababu alijua kwamba kwa siku nyingi, akiwa na tepu mkononi, yeye mwenyewe hakujua.

Mganga aliwatoa nje, akawaambia barazani. "Moto hapana. Ukilichoma joho umemchoma mama. Mkasi mmeuona. Lilishonwa kwa utaratibu, lazima lifumuliwe kwa utaratibu, na mkono ule ule: mshono wa mwisho uwe wa kwanza, mpaka uufikie uliouanzia. Ukiruka mmoja unamkata. Unaukumbuka mpangilio?"

"Nina daftari."

"Una bahati. Na jambo jingine. Usikae. Atakuambia ukae, kwa maneno mazuri. Ukikaa wewe, naye atakaa, na akishakaa ndani ya mtu hainuki tena."

Fundi akalishika daftari kwa mikono miwili. "Hakuna namna ya kulibakiza? Hata kipande?"

Swali lilishamtoka. Binti yake alimtazama, na hakusema kitu, na fundi akatamani angesema.

Alianza saa tatu asubuhi. Kwa kisu kidogo cha kufumulia alinyanyua msalaba wa kumi na tisa, na uzi ukatoka mkavu, bila damu. Ukafuata wa kumi na nane, na wa kumi na saba. Mganga alisimama mbele ya mwanamke akisoma kwa sauti ya chini isiyokatika. Kisogo kikafunguka. Kisha ukosi, kisha bega la kulia, na bega lilipoachia fundi aliona, kwa jicho lililopima mabega ya watu kwa miaka thelathini na sita, mfupa ukisogea taratibu kurudi mahali pake.

Kufikia adhuhuri miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu, na jasho lilimwingia machoni, na mwanamke alianza kusema naye, si kwa sauti ile kavu bali kwa sauti ya mke wake ya miaka ya mwanzo, ile aliyokuwa akimsubiri nayo dirishani, akamwambia pole, baba watoto, mgongo wako, njoo ukae hapa pembeni yangu, dakika moja tu, nani amekusifu kwa miaka yote hii zaidi yangu, na fundi hakujibu, akafungua ukurasa mwingine, akasoma tarehe kwa kunong'ona, kwapa la kushoto, sindano namba saba, saa nane na robo, akanyanyua, akavuta, akanyanyua, na kadiri nyuzi zilivyorundikana sakafuni ndivyo alivyosikia nyuma yake kiti kikisogezwa, kiti alichojua kwamba hakipo kwa sababu mganga alivitoa vyote, kikisogezwa polepole mpaka ukingo wake ukamgusa nyuma ya magoti, ukingo wa mbao laini, wenye joto kidogo kama umekaliwa sasa hivi, na magoti yakaanza kukunjika yenyewe, akayakaza, akasoma mstari uliofuata kwa sauti kubwa kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu, upande wa kulia, mshono wa pili, uzi mweusi mara mbili, akavuta, na kiti kikarudi nyuma.

Saa kumi joho lote lilikuwa vipande miguuni mwa mke wake. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na katika mkono huo pindo tu, upana wa vidole vinne, na kwa pindo hilo lilimshika kama mtu anavyomshika mwenzake mkono asiondoke.

Daftari lilisema: bitana ya pindo, mkono wa kushoto, saa mbili usiku. Fundi akaingiza ncha ya kisu. Damu ikatoka.

Akasogeza uso karibu. Mishono ilikuwa midogo, imelala upande, imekazwa kupita kiasi. Haikuwa yake. Akaikumbuka siku ile: macho yalimuuma, akalala juu ya meza, akaamka akakuta pindo limekwisha, akaandika katika daftari kwamba amelimaliza. Hakujiuliza. Mke wake alikuwa ametoka kazini, amechoka, amemwona amelala, akaichukua sindano.

"Huo si wako," sauti ikasema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na furaha.

"Ameushona yeye," fundi akamwambia mganga. "Mke wangu."

"Basi auvute yeye." Sauti ya mganga ilikuwa imekauka. "Mwite. Haraka, siwezi kumzuia zaidi."

"Mama watoto!"

Hakuna kitu. Mlangoni binti akaita, "Mama! Mama!" Mkono ukabaki pale pale.

"Kina mama ni wengi," mganga akasema. "Mwite yeye."

Ndipo fundi alipoelewa, na akaona haya, kama kijana. Tangu mtoto wa kwanza azaliwe, miaka thelathini na moja, hakuwa amelitamka jina la mke wake. Alimwita mama fulani, mama watoto, wewe, au alikohoa tu. Yeye ambaye hakuruhusu ukosi uitwe kola. Akasafisha koo. Akalitamka jina lake, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu, polepole, silabi kwa silabi, kama lilivyosomwa mbele ya watu siku ile ya ndoa.

Mkono wa kulia wa mke wake ukainuka. Ulitafuta hewani, ukalipata pindo, ukaipata ncha ya uzi, ukavuta.

Akaanguka sakafuni kama gunia, akakaa pale akihema, na akasema kwa hasira, kwa sauti yake yote, "Jamani, maji!"

Ukutani, karibu na dirisha, kitu kilitoa pumzi ndefu, na harufu ikatoka kwa dirisha kama moshi unavyotoka mlango ukifunguliwa.

Walichoma vitambaa na nyuzi uani kabla jua halijatua. Fundi akaiweka ile diski ya filamu juu ya moto kwa mkono wake. Aliwapigia watu wa maonyesho akawaambia joho limeharibika; wakasema pole, wataweka kofia ya mtu mwingine. Mganga alikunywa chai vikombe vitatu, akamwambia binti kwamba redio yake itakuwa tayari Jumatatu, akaenda zake.

Mke alilala siku mbili. Siku ya tatu alikula, akalalamika chumvi, akamuuliza fundi kwa nini anamkodolea macho. Bega lilikuwa arobaini na moja; hakuhitaji tepu kulijua. Fundi akakaa kitandani karibu naye, na kwa haya ile ile akalitaja jina lake, hilo moja la kwanza tu, kwa sababu alikuwa amelipenda mdomoni.

Mke wake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniite hivyo tena."

"Kwa nini? Si ndilo lililokurudisha?"

"Kule nilikokuwa nilisimama nyuma ya watu. Wengi, mstari kwa mstari. Mbele kuna taa kali, wote wameielekea. Nilikuwa nimechoka, lakini si vibaya, mtu anazoea. Kisha ukaniita."

"Ukasikia."

"Nikasikia." Akaondoa kiganja chake. "Na wao walisikia. Wote waligeuka."

Hakulitamka tena. Hata kitambulisho cha mke wake alikifungia ndani ya sanduku. Chumba cha kazi alikitoa kila kitu, akakipaka chokaa, akakifunga kwa kufuli, na majirani walipouliza kama atapangisha alisema bado anafikiria.

Ilikuwa adhuhuri moja, wiki ya sita. Mke wake alikuwa amekaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Fundi alikuwa kwenye kigoda pembeni yake anamenya viazi. Mtaa ulikuwa kimya. Kutoka nyuma ya ule mlango wenye kufuli, mtu akaita. Aliita jina la mke wake, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu, polepole, silabi kwa silabi, bila kukosea hata moja. Hakuna hasira katika sauti ile, ila uchovu tu, wa mtu aliyesubiri zamu yake kwa muda mrefu. Aliponyamaza, mwingine akaita. Kisha mwingine.

Maji yakatikisika katika beseni. Mke wake alikuwa ameanza kuinuka, macho yameelekea mlangoni. Fundi akaangusha kisu, akamshika goti, akamkandamiza chini kwa nguvu zake zote.

"Hapa," akasema kwa sauti kubwa, akiwa ameuelekea ule mlango, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la uongo alilowahi kusema kuhusu jina la mtu, "hapa hakuna mtu anayeitwa hivyo."

Kukawa kimya. Akabaki amemshika goti mke wake, asisikie hata pumzi yake mwenyewe, akingoja kujua kama wamemwamini.